Nchi Nafuu kwa Familia Inayofanya Kazi Mtandaoni: Anza na Kibali, Karo na Kodi, Pango Baadaye

SWALI: Mimi na mwenzangu sote tunafanya kazi kwa mtandao. Yeye ameajiriwa na kampuni iliyoko Ulaya ya kati, mshahara wake ni dola 2,900 kwa mwezi, na lazima awe kazini kwa saa za huko: saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mimi nimejiajiri, napata wastani wa dola 1,300, miezi mingine pungufu. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 12, wanasoma kwa Kiingereza. Tunataka kuhamia nchi yenye maisha nafuu kwa mwaka mmoja hadi mitatu na tubaki na akiba. Orodha za mtandaoni zinatuchanganya, kila moja ina nchi yake ya kwanza. Tuchague ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, orodha hizo nyingi zimeandikwa kwa kijana mmoja mwenye kompyuta na begi la mgongoni. Hata zile zinazoonekana za kitaalamu zina matundu. Faharasa ya gharama za maisha ya Numbeo, ambayo waandishi wengi huinakili, huipa New York alama 100 na kupima miji mingine kwa kipimo hicho. Bei zake zinajazwa na wageni wa tovuti wenyewe, na alama kuu ya gharama za maisha haina pango ndani yake. Kodi ya mapato haimo. Bima ya afya ya watu wanne haimo. Na kwa familia, mambo matatu ndiyo yanayopindua mpangilio mzima: karo, kodi, na kibali kinachowaruhusu kukaa. Nchi ambayo kijana huyo anaishi kwa dola 1,200 inaweza kuwagharimu ninyi 4,500, na nchi anayoiona ghali ikawaachia akiba.

Kwa hiyo msianze kwa kuzipanga nchi kutoka rahisi hadi ghali. Anzeni kwa kuziondoa. Nitapita kwenye vichujio kwa utaratibu ule ninaouona una faida, nikitumia namba zenu.

Kichujio cha kwanza ni kibali. Ureno inamtaka mwombaji wa viza ya D8, ile ya wafanyakazi wa mtandaoni, awe na kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara. Kwa kima cha mwaka 2025, euro 870, hiyo ni euro 3,480 kwa mwezi, na anayepimwa kwanza ni mwombaji mwenyewe. Mwenzako hafiki. Uhispania inahesabu kwa ngazi: asilimia 200 ya kima cha chini kwa mwombaji, 75 kwa mtegemezi wa kwanza, 25 kwa kila anayefuata. Kwa kima cha 2025, familia ya wanne inaangukia karibu euro 4,490. Mnakosa. Ugiriki inataka euro 3,500 baada ya kodi, inaongeza asilimia 20 kwa mwenzi na 15 kwa kila mtoto: jumla euro 5,250. Mnakosa kwa mbali. Nchi hizo tatu za kusini mwa Ulaya basi zimefungwa kwenu kwa sasa, isipokuwa kama mmoja wenu ana pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya, na hapo hesabu yote hii ya viza inaanguka.

Zinazobaki ni hizi. Morisi, kwa viza yake ya Premium, inataka dola 1,500 kwa mwombaji na 500 kwa kila mtoto, yaani 2,500 kwenu. Brazili inataka dola 1,500 kwa mwezi au akiba ya dola 18,000. Kosta Rika inataka dola 3,000 kwa mtu mmoja na 4,000 kwa familia. Malesia, kwa mpango wake wa wafanyakazi wa mtandaoni, DE Rantau, inataka dola 24,000 kwa mwaka kama kazi yako ni ya teknolojia, lakini 60,000 kama si ya teknolojia. Kwa hiyo cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wa mwenzako ndicho kitakachoamua. Thailand haitazami mshahara kwanza, inatazama akiba: baht 500,000 benki, ndipo unapewa viza ya DTV ya miaka mitano ambayo kila ukiingia unakaa siku 180. Barbados inataka mwombaji atarajie kuingiza dola 50,000 kwa mwaka na inatoza familia ada ya dola 3,000. Hiyo naifuta mara moja, kwani hata mkiingia, bei za kisiwa hicho si za mtu anayetafuta nafuu.

Viwango vinavyofungwa kwenye kima cha chini cha mshahara hupanda kila kima kinapopanda, kwa kawaida Januari. Anayekusanya nyaraka Oktoba na kuziwasilisha Februari anaweza kukuta amepungukiwa euro 150 ambazo mwaka uliopita hazikuhitajika.

Mwombaji mkuu awe yule mwenye mshahara. Maofisa wa viza husoma taarifa za benki za miezi mitatu hadi kumi na miwili, na wanachotafuta ni malipo yanayofanana, tarehe zinazofanana, kutoka kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Kipato chako wewe, kinachopanda na kushuka na pengine kupitia pochi mbili tatu za mtandaoni kabla ya kufika benki, kitazua maswali hata kama jumla inatosha. Kama mteja wako mkubwa anakulipa kupitia kampuni nyingine, omba barua fupi inayoeleza uhusiano huo. Maombi mengi ya watu waliojiajiri hukwama hapo, kwenye jina la mlipaji lisilolingana na mkataba.

Na wale wanaowaambia "ingieni kama watalii, nani atajua"? Kwa mtu mmoja anayehama kila baada ya wiki sita, labda. Kwa familia, shule itaomba kibali cha ukaazi, mwenye nyumba atakiomba, na bima inaweza kukataa dai kwa hoja kwamba mlikuwa mnaishi pale, si kutalii. Ulaya ya Schengen, eneo la nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ndiyo kabisa: siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku zinahesabiwa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja, hazianzi upya mkivuka mpaka wa ndani.

Kichujio cha pili ni saa, nacho kinaondoa nchi nzuri kwa ukatili. Mshale wa saa wa mwajiri hausogei. Saa tatu asubuhi ya Ulaya ya kati wakati wa baridi ni saa nane usiku Kosta Rika. Mwenzako atamaliza kazi saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, kisha atalala mchana wakirudi. Wakati wa kiangazi, Ulaya ikisogeza saa mbele, anaanza saa saba usiku. Hakuna ndoa inayostahili hilo kwa ajili ya fukwe. Brazili ya pwani: saa kumi na moja alfajiri hadi saa saba mchana, kiangazi saa moja mapema zaidi. Kwa anayependa alfajiri si mbaya, na mchana wote unabaki wa watoto. Morisi: saa sita mchana hadi saa mbili usiku wakati wa baridi ya Ulaya, saa tano hadi saa moja jioni wakati wa kiangazi. Thailand ni saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, na Malesia inasogea hadi saa sita usiku. Hapo mzazi mwenye mshahara hawaoni watoto siku za shule isipokuwa asubuhi wanapofunga viatu. Chora siku nzima ya watu wanne kwenye karatasi, nani anapeleka, nani anachukua, nani anapika, kwa saa za baridi na za kiangazi kando kando, kabla hujaangalia bei ya kitu chochote.

Sasa mwajiri. Wengi hulifanya jambo hili la mwisho, nami naliweka katikati kwa sababu linaweza kuua mpango mzima. "Kazi ya mbali" kwenye mkataba mara nyingi humaanisha mbali na ofisi, si mbali na nchi. Mwajiri ana hofu tatu, na zote ni za kweli. Ya kwanza, mamlaka ya kodi ya nchi mtakayohamia inaweza kudai kwamba kampuni sasa ina makao ya biashara pale kwa sababu mtumishi wake anafanya kazi pale mwaka mzima. Hofu hii ni kubwa zaidi kama mwenzako anauza au anasaini mikataba, ndogo kama anaandika programu au anatunza hesabu za ndani. Ya pili ni michango ya hifadhi ya jamii: sheria ya kawaida ni kwamba unachangia pale unapofanyia kazi, na nchi zisizo na mkataba wa pamoja zinaweza kudai mara mbili. Ya tatu ni taarifa za wateja, maana sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, inaweka masharti taarifa binafsi zinapofikiwa kutoka nje ya Umoja.

Mwenzako asiulize "naweza kuhama?" Jibu litakuwa hapana. Apeleke barua ya ukurasa mmoja: nchi gani, tarehe gani hadi gani, kibali gani kinachosema wazi kwamba mwenye nacho haruhusiwi kuingia kwenye soko la ajira la ndani, na kwamba yeye hana mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni na atatumia kompyuta ya kampuni yenye VPN, njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Aombe jibu la maandishi. Idara ya rasilimali watu ikipendekeza ageuke mkandarasi, hesabuni kabla ya kukubali: likizo yenye malipo, mchango wa pensheni na ulinzi wa kufukuzwa vinaondoka, kwa hiyo dola 2,900 za mkandarasi si sawa na 2,900 za mwajiriwa. Njia nyingine ni kampuni ya kati inayomwajiri kisheria katika nchi mpya kwa niaba ya mwajiri. Hutoza mara nyingi dola 400 hadi 700 kwa mwezi kwa kila mtu, na lazima mjue mapema nani anazilipa.

Kodi ya mapato imezungukwa na hadithi moja inayowaponza wengi: kwamba ukikaa chini ya siku 183 hudaiwi popote. Siku 183 ni mlango mmoja tu wa kuwa mkaazi wa kikodi. Kolombia inahesabu siku hizo ndani ya siku 365 zozote mfululizo, hata zikivuka mwaka. Thailand inatumia siku 180. Nchi mnayotoka inaweza kuendelea kuwadai kwa sababu nyumba yenu ipo pale. Na nchi mbili zikiwadai kwa pamoja, mikataba ya kodi iliyofuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, huuliza kwa mpangilio: makazi ya kudumu yako wapi, kitovu cha maisha kiko wapi, mnaishi wapi kwa kawaida, kisha uraia. Familia yenye watoto shuleni haiwezi kujificha kwenye swali la pili. Raia wa Marekani hudaiwa tamko la kodi popote walipo.

Kinachowahusu ni namna nchi ileile iliyo rahisi kuingia inavyoweza kuwa ghali kukaa. Brazili inafungua mlango kwa dola 1,500, lakini ukipita siku 183 ndani ya miezi kumi na miwili unakuwa mkaazi wa kikodi, na mapato yako ya dunia nzima yanaingia kwenye viwango vinavyopanda hadi asilimia 27.5. Kosta Rika imewasamehe kodi ya mapato wenye viza ya aina hii. Kroatia pia imewasamehe, kwa kibali cha hadi miezi 18, ila kikiisha lazima mkae nje kwa miezi sita ndipo muombe tena; hilo kwa mtoto wa shule ni kuhamishwa katikati ya masomo. Morisi inawahesabu wakaazi wakifika siku 183 katika mwaka wa kodi, lakini kwa wenye viza ya Premium kipato cha nje hutozwa kinapoingizwa nchini, na matumizi ya kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa kuingiza. Thailand tangu Januari 2024 inatoza mkaazi wa kikodi mapato ya nje anayoyaingiza, hata ya mwaka uliotangulia, na makala nyingi zinazoisifia ziliandikwa kabla ya hapo. Ongezeni hapo ninachosema kuhusu msamaha wowote: kusamehewa kule hakuwafuti kwenye daftari la mlikotoka. Ombeni cheti cha ukaazi wa kikodi au cha kufunga ukaazi, kulingana na upande mtakaoangukia, kabla ya kuondoka.

Karo ndiyo uti wa mgongo wa hesabu yenu. Tuseme shule ya kimataifa ya kawaida, dola 6,000 kwa mtoto kwa mwaka. Watoto wawili ni 12,000, yaani dola 1,000 kila mwezi wa mwaka, likizo zikiwemo. Karibu robo ya kipato chenu. Mbele ya hiyo, tofauti ya dola 200 za pango kati ya mji na mji ni vumbi. Na 6,000 ni tangazo tu. Nyuma yake kuna ada ya usajili isiyorudishwa, amana, sare, basi, mitihani na chakula cha mchana. Andikieni shule mkiomba jumla ya mwaka wa kwanza na jumla ya mwaka wa pili, kwa maandishi, kwa darasa la kila mtoto, kwa sababu karo hupanda na ngazi na mwenye miaka 12 anaingia ngazi ya sekondari.

Shule ya serikali ni bure au karibu na bure katika nchi nyingi, na kwa mtoto wa miaka 6 ningeifikiria bila woga hata kama lugha ni ngeni. Mtoto wa umri huo huokota lugha ya kucheza kwa mwaka mmoja au miwili. Lugha ya masomo ni kitu kingine: utafiti wa wanafunzi wahamiaji unaiweka miaka mitano hadi saba. Mwenye miaka 12 mkimwingiza darasani asipoelewa jiografia wala sayansi, mnakula miaka ambayo hana. Kwa hiyo lugha ya kufundishia lazima ifuate mtoto mkubwa. Hapo Brazili inadondoka, na shule za umma za Kosta Rika pia.

Msikimbilie kusema mtawafundisha nyumbani. Ujerumani hairuhusu kufundisha nyumbani badala ya shule, Uswidi ni hivyohivyo isipokuwa kwa sababu za pekee sana, na Brazili mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 2018 kwamba hairuhusiwi pasipo sheria ya kuisimamia. Ureno inaruhusu, kwa usajili. Shule ya mtandaoni iliyosajiliwa nchi nyingine haibadilishi jambo. Mamlaka itauliza mtoto ameandikishwa wapi hapa. Kuna pia kalenda: nchi nyingi za nusu ya kaskazini ya dunia huanza mwaka wa shule Agosti au Septemba, nchi nyingi za kusini Januari au Februari. Mkihama kutoka kalenda moja kwenda nyingine, mtoto ama anarudia nusu mwaka ama anairuka. Kwa mdogo, arudie. Kwa mkubwa, ulizeni shule itakayompokea mwishoni, siyo ile ya katikati.

Afya nitaisema kwa ufupi. Bima ya safari si bima ya afya: inalipa dharura, na mara nyingi ina kikomo cha siku kwa kila safari. Mnahitaji bima ya kimataifa ya familia, na malipo hushuka sana mkiondoa Marekani kwenye eneo la huduma na mkikubali kulipa wenyewe, tuseme, dola 1,000 za kwanza kila mwaka. Tazameni mambo mawili kwenye masharti: maradhi mliyokuwa nayo kabla, na uzazi, ambao kwa kawaida una kipindi cha kusubiri cha miezi kumi hadi kumi na miwili. Kosta Rika inadai bima ya angalau dola 50,000 kwa muda wote wa kukaa. Nchi nyingine hazitaji kiasi, lakini barua ya bima lazima itaje nchi hiyo kwa jina na tarehe zote za viza. Brazili ina huduma ya umma, SUS, iliyo wazi kwa wageni pia, na hiyo ni sifa ambayo orodha za mtandaoni huisahau.

Pango ndipo mnapodhani unafuu upo, na kwa kiasi upo, ila kuna mtego wa fedha. Mnalipwa kwa sarafu moja na kutumia nyingine. Kosta Rika inaonyesha vizuri: katikati ya 2022 dola moja ilikuwa inafika colón 690, miaka miwili baadaye karibu 510. Nyumba ya colón 500,000 iliyokuwa dola 725 ikawa 980, na mwenye nyumba hajaongeza hata senti. Kinyume chake kinaonekana kizuri lakini nacho kinateleza: sarafu ikiporomoka, bei za ndani huikimbiza, na mwanya wa unafuu hufungwa. Argentina ilishusha sarafu yake kutoka karibu peso 366 hadi 800 kwa dola Desemba 2023, na waliofika mwaka uliofuata wakitarajia bei za kutupa walikuta bei kwa dola zinapanda mwezi hadi mwezi. Jaribuni bajeti yenu kwa sarafu yenu ikiwa imepungua thamani kwa asilimia 20. Ikivunjika hapo, nchi hiyo haiko ndani ya uwezo wenu.

Tovuti za nyumba za muda mfupi hazionyeshi pango la wenyeji. Tafuteni matangazo ya mkataba wa mwaka, kwa lugha ya huko, kisha ongezeni amana. Brazili sheria inaruhusu amana ya fedha hadi miezi mitatu, na asiye nayo huombwa mdhamini mwenye mali nchini, jambo ambalo mgeni hana. Pasipo namba ya kodi, CPF, hata laini ya simu inasumbua.

Intaneti: usiulize "kasi ni ngapi", uliza kasi ya kupakia. Mikutano miwili ya video kwa wakati mmoja pamoja na somo la mtoto inataka karibu megabiti 12 kwa sekunde kwenda juu. Msikubali mkataba wa chini ya 20. Umbali wenyewe hauogopeshi sana. Mwanga ndani ya fiba huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 9,000 zinakula milisekunde 45 kwenda upande mmoja, na mwongozo wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) wa mazungumzo ya sauti unavumilia hadi 150. Kinachoua ni setilaiti za zamani zilizo kilomita 36,000 juu: kupanda na kushuka tu ni milisekunde 240. Mkifika kwenye nyumba ya kujaribia, endesheni kipimo cha ping, kinachotuma vipande vidogo vya data (pakiti) na kusubiri vijibiwe, mara 1,000 kati ya saa moja na saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa unatazama filamu. Pakiti zikipotea zaidi ya moja kwa mia, tafuteni nyumba nyingine. Na umeme ukikatika, msisahau kwamba vifaa ni viwili: ruta, na kile kisanduku cha fiba kilichopigiliwa ukutani. Watu hununua betri ya ruta, taa zote zinawaka, intaneti hakuna. Betri ya milliampia-saa 20,000 yenye njia ya volti 12 ina takriban wati-saa 60 zinazotumika. Vifaa viwili vikila wati 12 kwa pamoja mna saa tano.

Kisha kuhama kwenyewe kuna bei. Mfano: tiketi nne kwa dola 900 ni 3,600, nyaraka na tafsiri 800, vitu vya nyumbani 1,200. Jumla 5,600. Mkikaa mwaka mmoja, hiyo ni dola 467 za kila mwezi. Mkikaa mitatu, 156. Nchi inayotoa miezi sita au mwaka mmoja usiorefushwa huwa ghali kwa sababu hiyo hata kama mkate ni wa bure. Japani, kwa mfano, inatoa miezi sita tu na inataka yen milioni 10 kwa mwaka.

Kwa namba zenu, basi, ningeanza na Morisi. Si kwa sababu ni rahisi dukani, maana sehemu kubwa ya chakula kinaagizwa nje na bei zinaonyesha, bali kwa sababu mshahara wa mwenzako peke yake unatosha kibali, viza ya mwaka mmoja inaweza kurefushwa, saa zinaungana na za mwajiri, mkubwa anaweza kusoma kwa Kiingereza katika shule binafsi, na kodi inasomeka. Udhaifu wake ni karo, na msimu wa vimbunga kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, unaoweza kukata umeme katikati ya wiki ya kazi. Kama cheo cha mwenzako ni cha teknolojia na mwajiri anaweza kumruhusu kusogeza saa, hata saa mbili tu, Malesia inapanda mbele, kwani ina shule nyingi za Kiingereza za bei mbalimbali, na hapo ushindani unawafaa ninyi. Brazili ingekuwa ya kwanza kama mkubwa angekuwa na miaka 7. Uhispania irudieni mwaka ambao kipato kitapita euro 5,000: shule ya umma bila karo inaweza kufidia pango lote la juu.

Msiamini chaguo hata hili langu kabla ya wiki nne hadi sita za majaribio, na mwende msimu mbaya, si wa watalii. Mwenzako afanye kazi saa zake kamili kutoka kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani. Mtoto mkubwa akae siku mbili darasani kama shule inaruhusu.

Nyaraka zianze miezi sita kabla. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa kwanza, kwa kuwa haviharibiki haraka. Cheti cha polisi cha tabia njema mwisho, kwani nchi nyingi zinakikataa kikishapita miezi mitatu au sita. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri wa apostili, unaothibitisha hati ya nchi moja ili ikubalike nyingine, unatosha. Kama moja haimo, nyaraka zipitie wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hiyo ni wiki kadhaa zaidi. Apostili hupigwa kabla ya tafsiri, kwa sababu muhuri nao lazima utafsiriwe, na nchi nyingine, Brazili ikiwemo, hutaka mtafsiri aliyeapishwa kwao. Majina yalingane herufi kwa herufi na pasipoti. Jina la kati lililokosekana kwenye cheti cha mtoto limewarudisha watu wengi nyumbani. Kama mtoto yeyote ana mzazi mwingine asiyesafiri nanyi, ridhaa yake ya maandishi, iliyothibitishwa na mwanasheria na kutaja nchi na muda, iwe mkononi kabla ya tiketi, kwa sababu bila hiyo kuhama kunaweza kushughulikiwa kama utoroshaji wa mtoto chini ya Mkataba wa Hague wa 1980.

Amana ya shule msiilipe mpaka barua ya mwajiri imerudi na saini.